Kopo la Matendo

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi kasorobo, Mama Shuka alipanda ngazi kumi na nne za mbao hadi kwenye chumba kilichokuwa juu ya karakana ya fundi baiskeli, akavua viatu mlangoni na kukaa kwenye benchi la dirishani. Tangu asubuhi alikuwa amepinda mashuka thelathini katika chumba cha ushonaji cha hospitali, na vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Jina la Mama Shuka alipewa na wauguzi, likamkaa kuliko lile alilozaliwa nalo.

Mwalimu wake alikuwa karani wa telegramu, enzi za telegramu. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kupunguza maneno, kwa hiyo alijua ni maneno gani yanaachika na ni yapi hayaachani hata yakitengwa na bahari. Alipostaafu aliondoka na mabunda ya fomu tupu, simu nyeusi ya mezani isiyo na waya na makopo mawili ya biskuti. Fomu alizikata zikawa kadi. Kopo dogo lilikuwa la matendo, ishirini na mawili tu, ya Kiingereza: take, make, give, bring, keep na jamaa zao. Kopo kubwa lilikuwa la vitu, mia nne na ushei. Vile vijineno vidogo kama in, on, off na back alivitia kwenye kiberiti kitupu, kwa sababu vilikuwa na tabia ya kupotea.

"Somo ni hili hili kila siku," aliwaambia wanafunzi wake. "Tendo moja, kitu kimoja, na kijineno kikihitajika. Msiniulize kwa nini hili linakwenda na lile. Hata ukweni huulizi kwa nini mjomba fulani hali sahani moja na fulani. Unajifunza nani anakaa na nani, basi."

Kadi zikipangwa sawasawa mezani, jambo lenyewe lilitokea. Mpishi wa hoteli alipoweka take kando ya nap, darasa zima lilisinzia dakika kumi na moja, Mwalimu akiwamo, na kule chini fundi baiskeli naye alilala akiwa ameegemea pampu yake. Mtu akiweka draw na curtain, pazia lilijivuta taratibu na chumba kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Catch ilipatana na cold, wakapiga chafya hadi Ijumaa. Ilipatana pia na fire, lakini kadi hiyo Mwalimu aliitoa koponi mwaka juzi, na aliyetaka kujua sababu aliangalia kona ya dari palipokuwa peusi.

Zikipangwa vibaya, jambo lilitokea vilevile, ila vibaya. Dereva wa lori, mtu mpole mwenye mabega mapana, siku yake ya kwanza alitaka kupiga simu. Alichukua beat akaiweka na telephone, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Simu nyeusi ya Mwalimu ilivimba upande mmoja na kuvilia damu. Mwalimu aliikanda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa siku nne. Dereva aliiomba radhi, na tangu hapo hakukaa kabla ya kuipangusa vumbi.

Kitu kingine walichozoea ni kwamba neno likishikwa sana na watu wengine, kadi yake ilibaki tupu. Kwa Kiingereza ahadi huendana na make, kwa hiyo wakati wa uchaguzi kadi ya make ilikaa wiki tano bila herufi hata moja. Kura zilipokwisha ilirudi, imechakaa kidogo.

Mama Shuka hakufuata cheti. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili ilikuwa imepita, na miezi mitatu juu yake. Simu ya Kitinda ilichukuliwa na bibi mwenye nyumba tangu mwezi wa tatu wa mkataba. Mama Shuka alipopiga, bibi yule alipokea, akasema maneno mengi ya haraka kwa Kiingereza, akakata. Tafsiri ilitoka kwa wakala aliyempeleka binti.

"Anasema mtoto hajambo," wakala alimwambia. "Ana furaha. Amenenepa."

Kitinda hakuwahi kunenepa maishani mwake, hata alipokuwa ananyonya. Siku hiyo Mama Shuka aliacha kumwamini mkalimani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wakala hakuwa na hata mzizi wa uchungu huo. Wiki iliyofuata alipanda zile ngazi kumi na nne akamwambia Mwalimu anataka Kiingereza cha kutosha kumwambia mtu mmoja jambo moja: mwanangu arudi nyumbani.

Alisoma miezi minne. Alikuwa mwanafunzi mzuri, maana kushona kulikuwa kumemfundisha kwamba kila kitambaa kina upande wake na kukigeuza kwa nguvu ni kujisumbua. Ikafika Alhamisi moja yenye jua la kivivu, mpishi akijaribu kadi zake na dereva akipangusa simu, Mama Shuka akauliza, "Mwalimu, kwenye kopo la vitu kuna mtoto wa kike?"

"Hamna. Nilikata vitu vya posta na vya nyumbani. Watu sikuwaweka."

"Naweza kumwandika mimi?"

Mwalimu alimpa kipande cha fomu. Mama Shuka aliandika polepole, herufi moja moja kama mishono ya mkono: my daughter. Akaiweka kulia kwa bring, tendo la kuleta. Akatafuta home katika kopo kubwa, akaipata chini ya ndoo na nyundo, akaiweka mwisho.

Nyayo zilisikika ngazini. Kitinda aliingia amevaa aproni ya kijivu, mikono yake ikiwa na povu la sabuni hadi viwikoni. Alipoona wenzake wamevua viatu, naye akavua ndara zake mlangoni.

"Shikamoo Mwalimu. Hamjambo wote."

"Marahaba," alisema Mwalimu. "Kaa kwa mama yako pale. Hujachelewa sana."

Mapovu madogo yalimtoka mikononi yakapaa juu ya meza, yakazunguka zunguka kwenye mwanga wa dirisha na kupasuka moja baada ya jingine. Mama Shuka alivua mtandio wake akamkausha mikono, kidole kwa kidole. Alikuwa amejiandalia maneno ya siku hii kwa miaka miwili na miezi saba, na sasa hakuona hata moja lilikokwenda.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo, mama."

"Wakala alisema umenenepa."

"Labda alimwona mwingine."

Wakacheka, halafu Mama Shuka akalia, halafu akaendelea kukausha mikono ambayo ilikuwa imekauka. Akauliza kwa nini harudi na muda wake umekwisha. Kitinda alijibu kwa sauti ya chini ili asikatize somo la wengine.

"Pasipoti yangu iko kwenye droo ya mama mwenye nyumba, na ufunguo anao yeye. Nilimwambia muda wangu umekwisha, akanionyesha karatasi. Imeongezwa miaka mitatu. Mama, ina sahihi yako."

"Yangu?"

"Naijua sahihi yako, ina kile kimkia. Nikasema moyoni, mama hakujua. Ila siku nyingine nikichoka sana nilikuwa nawaza, labda alijua."

Aliyasema bila lawama, na ndiyo maana yaliuma. Mama Shuka aliangalia sakafu. Mpishi, ambaye hakutaka kusikiliza lakini alikuwa na masikio, alisukuma mbele yao mkate aliokuja nao kutoka kazini.

Bring ni neno lenye kazi nyingi duniani, halikai mezani muda mrefu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, herufi zake zilianza kupauka, na Kitinda naye akaanza kupauka kuanzia miguuni. Mwalimu alisema ni heri kuinua kadi mapema kuliko kumwacha mtu arudi nusunusu. Akaiinua. Kwenye benchi pakabaki unyevu kidogo wa sabuni na nusu mkate.

Kesho yake Mama Shuka aliomba ruhusa kazini akaenda kwa wakala. Ofisi ilikuwa nyuma ya duka la kutoa kopi, ikiwa na feni moja na picha ya ndege ukutani. Wakala, mtu mwenye adabu na shati lililonyooshwa vizuri, hakubishana. Alifungua faili akatoa karatasi.

Mama Shuka aliitambua. Mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha, wakala aliileta hadi kwenye chumba cha ushonaji. Ni ya kumhamishia mtoto chumba kikubwa chenye dirisha, alisema, kule wanataka ridhaa ya mzazi. Mama Shuka alinawa mikono kwanza asije akaichafua. Aliandika sahihi kwa utulivu, na washonaji wenzake wakampigia makofi kwa sababu Kitinda amepata dirisha.

Sasa aliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Alikuta kukubali. Alikuta kuongeza muda. Alirudia kutoka juu.

"Hapa hakuna dirisha," alisema.

"Kilichomo ndicho ulichosaini, mama. Mimi sikukushika mkono."

"Uliniambia chumba."

"Kumbe siku hizi unasoma Kiingereza," alisema wakala, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kweli. "Hongera. Ungeanza mapema."

Siku hiyo hiyo alikwenda ofisi mbili za serikali. Ya kwanza ilimwambia karatasi haina kasoro, na kama ana malalamiko aende ya pili. Ya pili ilimwambia arudi ya kwanza. Alirudi, akakuta wamefunga.

Jumanne alifika darasani kabla ya wote. "Nipe lile la kubakisha," alimwambia Mwalimu. "Keep. Bring itamleta, hilo litamshika asirudi."

Mwalimu alilitafuta chini kabisa ya kopo dogo, akampa kadi. Ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

"Tupu," alisema Mama Shuka.

"Karibu siku zote iko hivyo. Tangu niikate, sijaiona na herufi kwa zaidi ya siku mbili. Wanaong'ang'ania vya watu ni wengi, Mama Shuka. Neno hilo halipumziki."

Mama Shuka aliishika kadi dhidi ya mwanga wa dirisha, kama anavyopima uzi kwenye kitambaa cheupe. Hakuna kitu. Akairudisha, akapanga zile tatu alizokuwa nazo, na nyayo zikasikika ngazini.

Ikawa desturi. Jumanne na Alhamisi Kitinda alikuja na aproni yake, mara mikono ikiwa na povu, mara ikiwa na unga, siku moja akiwa ameshika soksi moja ya mtoto. Dereva alijibana ukutani ili Kitinda apate nafasi. Fundi baiskeli alimzoea akawa anamwitikia salamu bila kuinua kichwa. Kwa kawaida Kitinda alikula mkate wa mpishi, kisha akalala begani kwa mama yake, huku wengine wakiunganisha maneno kwa sauti za chini. Somo liliendelea juu ya pumzi zake. Mama Shuka hakumwamsha hata pale alipokuwa na ya kumwambia. Alihesabu mvi tatu kichwani kwa binti wa miaka ishirini na tano, akaziacha zilivyo.

Wiki ya sita alikuwa tayari. Alitoa simu yake ya mkononi na kuiweka mezani, sauti ikiwa wazi, Kitinda akiwa ameketi pembeni yake na macho makavu. Bibi wa ng'ambo alipokea kwenye mlio wa pili.

Mama Shuka alisema yote. Alisema yeye ni mama. Alisema mkataba wa kwanza ulifika mwisho, na wa pili aliutia sahihi kwa kudanganywa. Aliomba pasipoti itolewe kwenye droo na mtoto arudishwe. Kila tendo lilikaa na jamaa yake, kila kijineno kilisimama mahali pake, na katika miezi yote mitano hapakuwahi kusemwa Kiingereza kama kile katika chumba kile. Mwalimu alifumba macho kama mtu anayesikiliza taarabu aliyoichezea ujanani. Mpishi alimshika dereva mkono bila kujua.

Kule upande wa pili kiti kilivutwa.

"Unasema Kiingereza kizuri sana," bibi akasema, taratibu safari hii. "Umejifunzia wapi?"

Mama Shuka alimwambia.

"Nimefurahi. Binti yako hajawahi kuniambia kwamba kwao ni watu wa kusoma." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Nilikuwa nataka kukutafuta hata hivyo. Jumanne na Alhamisi anatoweka jikoni kwa muda wa saa moja na nusu. Sijamgombeza. Nimeziandika tu hizo saa, zitaongezwa mwishoni mwa muda wake. Nadhani ni haki."

Akaaga kwa heshima, akakata. Simu nyeusi ya Mwalimu, ile isiyo na waya, ililia mara moja tu, kifupi, na Mwalimu akaiwekea mkono juu hadi ikatulia. Bring ikapauka kabla ya wakati wake.

Alhamisi Mama Shuka alikuja akakaa dirishani na hakugusa kopo. Alikuwa amepiga hesabu yake usiku: kila akimwona, anampeleka mbali zaidi. Basi asimwone. Jumanne hakugusa. Alhamisi iliyofuata hakugusa. Mpishi aliendelea kuja na mkate, akaondoka nao. Mahali pa Kitinda kwenye benchi hapakukaliwa na mtu, ingawa darasa lilikuwa na wanafunzi wapya wawili waliosimama.

Wiki ya tatu ya kujizuia, siku ya Jumanne, Mama Shuka alikuja na mfuko. Ndani yake kulikuwa na shuka aliyoishona nyumbani kwa vipande vilivyobaki kazini, ikiwa na pindo mbili badala ya moja. Aliitandika kwenye benchi, akasawazisha mikunjo kwa kiganja, kisha akapanga zile kadi tatu.

Kitinda aliingia, akavua ndara, akaamkia. Safari hii mikono yake ilikuwa mikavu.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nakulinda. Nilisema wasikuongezee."

"Wameongeza," alisema Kitinda. "Kila saa hiyo ikifika nilikuwa nasimama tu karibu na mlango wa jikoni, nakusikilizia. Sifui, sipiki, nimesimama. Yule mama akasema kusimama nako ni kutokuwepo. Ameandika zote."

Hasira ilimpanda Mama Shuka, akaona haina mtu wa kumshukia katika chumba kile, akaimeza. Alimlaza binti yake kwenye benchi, akamkunjia nusu ya shuka juu, akamchomekea pembeni kama wanavyochomekewa wagonjwa wodini. Kitinda alisinzia kabla mama hajamaliza upande wa pili. Mpishi aliweka mkate kichwani pake. Dereva alianza zoezi lake kwa kunong'ona, na wale wanafunzi wapya, bila kuambiwa na mtu, nao wakanong'ona.

Mwalimu aliitoa kadi ya keep, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha chini ya kopo.

Saa kumi na moja na nusu ilipofika aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Mama Shuka. Herufi za bring zilikuwa zinapauka. Mama Shuka alimzuia kwa mkono, akaiinua kadi mwenyewe. Shuka ilibaki na umbo la mtu kwa muda kidogo, bega, nyonga, magoti yaliyokunjwa, halafu ikashuka taratibu hadi ikalala bapa kwenye mbao.

Aliikunja kona kwa kona na kuitia mfukoni. Kisha akamuuliza Mwalimu zoezi la Alhamisi ni lipi.